Mgonjwa wa Kiharusi Aulizwe Uji

Wazee wetu walituachia methali isemayo, "Mgonjwa haulizwi uji." Maana yake ni nzuri. Ukimwuliza mgonjwa kama anataka uji, huenda atakataa kwa haya au kwa kuchoka. Kwa hiyo usimwulize. Koroga uji, umpelekee. Methali hii inatufundisha ukarimu.

Lakini mimi nataka kupingana nayo kidogo. Yuko mgonjwa ambaye ni lazima aulizwe. Aulizwe uji. Aulizwe habari za shamba. Aulizwe kama mbuzi wauzwe au wasiuzwe. Mgonjwa huyo ni yule aliyepatwa na kiharusi. Tusipomwuliza, tunamwongezea ugonjwa wa pili juu ya ule wa kwanza. Ugonjwa huo wa pili unaitwa sonona. Sehemu kubwa ya dawa yake haiuzwi dukani. Iko mikononi mwetu, mimi na wewe.

Nitakueleza kwa nini ninasema hivyo.

KIHARUSI NI NINI?

Ubongo unalishwa na damu. Damu hiyo hupita katika mishipa. Mshipa mmoja ukiziba au ukipasuka, sehemu ya ubongo hukosa damu. Sehemu hiyo huumia, na nyingine hufa. Hicho ndicho kiharusi.

Dalili zake huja ghafla. Mdomo hupinda. Mkono na mguu wa upande mmoja hulegea. Maneno hupotea au huvurugika. Ukiona dalili hizo, usingoje kesho. Mpeleke mgonjwa hospitali siku hiyo hiyo.

Watu wengine husema kiharusi ni upepo mbaya au kurogwa. Hii si kweli. Mara nyingi chanzo chake ni shinikizo kubwa la damu, ambalo wengi tunaliita presha.

Wengine husema ni ugonjwa wa Ulaya, au ni wa matajiri. Hii nayo si kweli. Kuanzia mwaka 2003 hadi 2006, watafiti waliwahesabu watu waliopata kiharusi kwa mara ya kwanza katika sehemu ya Wilaya ya Hai, mkoa wa Kilimanjaro, na katika sehemu ya Jiji la Dar es Salaam. Walipokwisha kulinganisha umri wa watu, walikuta kwamba huko Hai wagonjwa wapya walikuwa karibu 109 kwa mwaka katika kila watu 100,000. Dar es Salaam walikuwa karibu 316. Basi kiharusi kipo kwetu, mjini na shambani.

FUNDI SEREMALA WA DARASA LETU

Miaka michache iliyopita nilikuwa ninafundisha darasa moja la watu wazima mimi mwenyewe, kwa sababu lilikosa mwalimu. Katika darasa hilo alikuwapo mzee mmoja, fundi seremala. Alikuwa hodari wa hesabu kuliko mimi, maana alipima mbao kila siku. Alitaka kujifunza kusoma ili aandike mwenyewe oda za wateja wake.

Asubuhi moja, wakati wa kuvuna mahindi, mkewe alimkuta amekaa kitandani, mdomo umepinda. Mkono wake wa kulia ulikuwa umelegea. Alipelekwa hospitali. Baada ya wiki 3 alirudi nyumbani. Alikuwa hai, lakini mkono wa kulia haukufanya kazi, na maneno yalitoka kwa shida.

Wanakijiji hawakumtupa. Walileta mahindi, kuku na sabuni. Sisi wa darasani tulikwenda kumwona, watu 11. Tulikaa kuzunguka kitanda chake. Tulimwambia mkewe, "Pole sana, Mama. Je, anakula? Je, analala? Je, anasikia tukisema?" Mzee alikuwa hapo hapo. Alikuwa anatutazama, mmoja mmoja. Hakuna aliyemwuliza yeye.

Juma hilo hilo nilifungua daftari la mahudhurio, nikachora mstari juu ya jina lake. Niliona hatarudi tena.

Nyumbani kwake mambo yalikuwa hivyo hivyo. Kijana wake wa kwanza aliuza randa na patasi za baba yake, ili apate fedha ya matibabu. Nia yake ilikuwa njema. Lakini hakumwuliza baba. Watoto wa jirani waliacha kumwamkia. Walikuwa wakisema "Shikamoo, Babu," naye akijitahidi kuitika, lakini "marahaba" yake haikueleweka. Watoto wakaogopa. Wakawa wanapita kimya.

Baada ya miezi 2 Mzee aligeukia ukuta. Chakula alikula kidogo sana. Usiku hakulala. Mkewe alipotaka kumnyoosha mkono, aliuvuta. Watu wakasema, "Amekuwa mkaidi." Wengine wakasema, "Amerogwa mara ya pili." Mbuzi 2 waliuzwa kwa ajili ya mganga wa kienyeji. Mzee aliendelea kutazama ukuta.

Hakuwa mkaidi. Hakuwa amerogwa. Alikuwa na sonona.

SONONA NI NINI?

Kila mtu huhuzunika. Ukifiwa, unalia. Ukikosa mavuno, unakaa kimya siku kadhaa. Hiyo ni huzuni ya kawaida, na hupungua yenyewe.

Sonona ni huzuni inayokaa. Inakaa karibu kila siku, kwa wiki 2 au zaidi. Mtu hapendi tena mambo aliyoyapenda. Usingizi hupotea au huzidi. Chakula hakina ladha. Nguvu hakuna. Mtu hujiona hana maana, na hujiona mzigo kwa wenzake. Mwingine huwaza kwamba ni heri afe.

Miongoni mwa watu waliopata kiharusi, karibu mtu 1 katika kila watu 3 hupata sonona wakati fulani baadaye. Hiyo ni idadi kubwa. Kama katika kata yenu wako watu 9 waliopata kiharusi, huenda 3 kati yao wako katika hali hiyo.

Kwa nini iwe hivyo? Ziko sababu mbili. Sababu ya kwanza ni jeraha lenyewe. Ubongo ndio unaotawala moyo wa furaha na wa huzuni. Ubongo ukiumia, hali ya mtu hubadilika. Sababu ya pili ni hasara. Mtu amepoteza mkono, kazi, maneno na heshima kwa siku moja. Sababu ya kwanza hatuwezi kuiondoa. Ya pili tunaweza kuipunguza sana. Lakini mara nyingi sisi ndio tunaoizidisha.

Jambo jingine ulijue. Baada ya kiharusi, watu wengine hulia ghafla, au hucheka ghafla, bila kutaka. Mara nyingi hilo hutokana na jeraha la ubongo, na huenda mtu huyo hana huzuni wakati huo. Usimcheke. Usimkemee. Ngoja kidogo, kisha endelea na mazungumzo.

Kwa mtu asiyeweza kusema, sonona ni ngumu kuitambua. Hawezi kukuambia, "Nina huzuni." Basi mtazame. Je, anageuza uso? Je, anakataa chakula alichokipenda? Je, hataki kuguswa, hataki kutolewa nje? Usiseme haraka kwamba ni ukaidi.

Sonona ina madhara. Mtu mwenye sonona hafanyi mazoezi. Asipofanya mazoezi, mwili hukaza na nguvu hazirudi. Nguvu zisiporudi, huzuni huzidi. Huo ni mduara mbaya. Kazi yetu ni kuukata.

MATIBABU YASIYO YA VIDONGE

Basi tufanyeje? Nitaeleza mambo 5. Hayahitaji fedha nyingi. Yanahitaji muda na heshima.

Jambo la kwanza: mwulize mwenyewe.

Mwamkie kama zamani. Kama alistahili shikamoo jana, anastahili na leo. Kaa mbele yake, usikae nyuma yake. Zima redio. Sema maneno machache kwa mara moja. Uliza maswali ambayo jibu lake ni ndiyo au hapana. Mwonyeshe vitu achague: kikombe cha uji au kikombe cha chai. Kisha ngoja. Hesabu moyoni hadi 10. Maneno yake yanatoka polepole, lakini akili yake haikwenda likizo. Wengi wanaoshindwa kusema wanaelewa mambo mengi kuliko tunavyodhani.

Na huo uji, mpe akiwa amekaa wima, kijiko kidogo kidogo. Baada ya kiharusi kumeza huwa kugumu, na mtu aliyelala hupaliwa upesi. Akikohoa kila anapomeza, mwambie mganga wa zahanati.

Jambo la pili: mpe kazi yenye maana.

Sisi tunadhani kumpumzisha mgonjwa ni kumpenda. Kupumzika siku chache ni vizuri. Kupumzika mwaka mzima ni adhabu. Mtu aliyelima miaka 40 hawezi kufurahi kwa kutazama dari.

Fikirini pamoja naye: alipenda nini? Chagueni jambo moja dogo. Apukuchue mahindi kwa mkono mmoja. Achambue maharage. Ahesabu mayai. Alinde mpunga unaoanikwa. Asikilize watoto wakisoma. Wekeni siku na saa ya kazi hiyo. Wiki ya pili ongezeni kidogo. Msingoje apate hamu ndipo aanze. Katika sonona hamu haiji kwanza. Mtu huanza kutenda, hamu hufuata nyuma, polepole.

Lakini kazi iwe ya kweli. Mtu mzima anatambua upesi akipewa kazi ya kumdanganya.

Jambo la tatu: mwili utembezwe.

Mazoezi husaidia misuli, na husaidia moyo wenye huzuni pia. Uliza hospitali au zahanati wakuonyeshe mazoezi yanayomfaa. Mengi yanaweza kufanyika nyumbani. Kukaa na kusimama, mara 5, kisha mara 10. Kutembea uani akishika miti miwili iliyofungwa kama reli, kimo cha kiuno. Mtu mmoja asimame upande ule dhaifu ili asianguke. Usimwinue kwa kuvuta mkono uliolegea, maana bega huumia na maumivu huongeza huzuni.

Mtoe nje kila siku. Aone jua, aone watu. Apelekwe msikitini au kanisani kama alikuwa akienda. Apelekwe mkutano wa kijiji.

Na pombe asitumie kama dawa ya mawazo. Pombe huongeza huzuni, na hupandisha shinikizo la damu.

Jambo la nne: mmalize tatizo moja moja.

Mtu mwenye sonona huona matatizo yake kama mlima mmoja. Msaidie auone mlima huo kama mawe mengi. Ataje, au aonyeshe, yanayomsumbua. Chagueni moja. Tafuteni njia 2 au 3 za kulishughulikia. Achague yeye. Jaribuni kwa wiki moja. Kisha kaeni tena mwone limefika wapi.

Tuchukue mfano. Mama mmoja hataki kutoka nje. Mnamwuliza, mnagundua kwamba anaogopa haja itamshika njiani. Basi tatizo si uvivu. Tatizo ni choo. Wekeni kiti chenye tundu nyumbani. Mwendeni naye matembezi mafupi. Jiwe moja limeondoka.

Jambo la tano: mlezi naye ana moyo.

Mara nyingi mlezi ni mke, au binti. Anaosha, anainua, analisha, analima. Usiku halali. Naye huweza kupata sonona. Mlezi akianguka, wagonjwa ni wawili. Kwa hiyo gawaneni zamu. Ndugu wa kiume wasiseme, "Hiyo ni kazi ya wanawake." Jirani akishika zamu ya saa 2 kwa wiki, mama huyo anapata kwenda sokoni, au kulala tu.

JE, KUZUNGUMZA KUNATIBU?

Huenda unajiuliza, "Maneno matupu yanatibu ugonjwa?" Swali hilo ni zuri. Madaktari nao walijiuliza.

Huko Uingereza, watafiti waliwachukua wagonjwa 411 waliokuwa wamepata kiharusi siku chache kabla. Nusu yao walihudumiwa kama kawaida. Nusu nyingine waliongezewa mazungumzo, yasiyozidi mara 4, na watu waliofundishwa kazi hiyo. Waliwauliza wagonjwa: unatazamia nini? Unaogopa nini? Unadhani utafanyaje? Matokeo yalitangazwa mwaka 2007 na mwaka 2011. Baada ya mwaka mmoja, katika kila wagonjwa 100 waliozungumza, 48 walikuwa na hali njema ya moyo. Kwa wale wengine walikuwa 38. Tofauti ya watu 10 katika 100, kwa mazungumzo manne tu! Si muujiza. Lakini si haba.

Karibu na kwetu uko mfano wa Zimbabwe. Mwaka 2006, katika mtaa wa Mbare jijini Harare, Daktari Dixon Chibanda alianza kazi na bibi 14 wa mtaa huo. Bibi hao hawakuwa madaktari. Walifundishwa kusikiliza na kumsaidia mtu amalize tatizo moja moja. Waliketi na wagonjwa kwenye benchi la mbao nje ya zahanati. Likaitwa Benchi la Urafiki. Kwa lugha ya Kishona ugonjwa huo huitwa kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Mwaka 2016 yalitangazwa matokeo ya utafiti wa watu 573 katika zahanati 24. Baada ya miezi 6, kati ya waliokaa kwenye benchi, karibu watu 14 katika kila 100 walikuwa bado na dalili za sonona. Kwa wengine walikuwa karibu 50.

Wagonjwa hao wa Harare hawakuwa wa kiharusi. Lakini tunapata somo. Mtu wa kawaida akifundishwa vizuri, akiwa na subira, anaweza kumpunguzia mwenzake sonona.

Sisi wenyewe tulikwisha kufanya kazi ya namna hiyo. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wazima karibu milioni 2 wa Tanzania walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakajadili, kisha wakachimba vyoo na kufyeka vichaka. Tulikubali wakati ule kwamba afya haitoki katika chupa ya dawa peke yake. Hutoka pia kwa watu waliokaa pamoja na kuamua. Nauliza: tuliweza kukaa pamoja kwa ajili ya choo, kwa nini tushindwe kukaa pamoja kwa ajili ya mgonjwa?

NA VIDONGE JE?

Tusidanganyane. Mimi sisemi kwamba vidonge havina kazi. Ziko dawa za sonona, na huwasaidia watu wengi ambao sonona yao ni kali. Kama daktari amempa mgonjwa wako dawa hizo, asiziache kwa sababu amesoma ukurasa huu. Akitaka kuziacha, azungumze na daktari kwanza.

Vidonge vya shinikizo la damu ni jambo jingine kabisa. Hivyo humkinga na kiharusi cha pili. Aendelee navyo kila siku kama alivyoelekezwa, hata akijisikia vizuri.

Ninachokataa ni kudhani kwamba kidonge kitafanya kazi yetu. Mwaka 2018 madaktari wa Uingereza walitangaza matokeo ya utafiti wa wagonjwa wa kiharusi zaidi ya 3,000. Nusu yao walipewa dawa moja ya sonona kwa miezi 6, hata wale wasiokuwa na sonona. Ilitazamiwa kwamba watapata nguvu upesi zaidi. Haikuwa hivyo. Waliopata sonona walipungua kidogo, lakini waliovunjika mifupa waliongezeka. Kwa hiyo dawa hizo zina mahali pake, na daktari ndiye anayepajua. Hakuna kidonge kinachoweza kumwamkia mzee shikamoo.

Iko hali moja isiyongoja mazungumzo ya wiki ijayo. Ni pale mgonjwa anapotaka kufa, au anapokataa kabisa kula na kunywa. Mwulize wazi: "Baba, unawaza kujiua?" Kumwuliza hakumpi wazo hilo. Humpa nafasi ya kulitua. Akikubali, usimwache peke yake. Ondoa karibu naye sumu ya wadudu, kamba na visu. Mpeleke hospitali siku hiyo.

MWISHO WA HABARI YA FUNDI

Aliyemsaidia fundi wetu ni muuguzi wa zahanati. Alikuja kumpima shinikizo la damu. Alipomaliza hakuondoka. Alivuta kigoda, akakaa mbele ya uso wake, akasema, "Shikamoo, Mzee." Akangoja. Mzee akatoa sauti. Muuguzi akasema, "Nimesikia, Mzee. Sasa niambie, unataka nini?" Akangoja tena, muda mrefu. Mkewe alitaka kujibu. Muuguzi akamzuia kwa mkono.

Mzee aliinua mkono wa kushoto, akaonyesha mlango. Nje ya mlango ule kuna mwembe. Chini ya mwembe ndipo alipokuwa akifanya kazi.

Siku ya pili walimtoa, wakamweka chini ya mwembe. Kijana wake aliazima randa kwa fundi mwingine. Akapiga ubao, akampa baba aushike. Mzee akaupapasa kwa kiganja cha kushoto, akatikisa kichwa. Bado. Kijana akapiga tena. Bado. Mara ya tatu Mzee akaitikia kwa kichwa. Mkewe aliniambia kwamba usiku ule alikula ugali wote.

Hakupona siku ile. Mkono wa kulia haukurudi. Siku nyingine aligeukia ukuta tena, wakamwacha kidogo, kisha wakamtoa. Ilichukua miezi. Lakini kijana alijifunza ufundi kwa baba yake, na wateja walianza kuja kwa fundi, wakimwuliza fundi.

Siku moja aliletwa darasani kwa baiskeli. Nilikuwa ninaita majina. Aliomba daftari kwa kidole. Alilifungua akatafuta jina lake, akaukuta ule mstari wangu. Akaniangalia. Sikuwa na la kusema. Niliandika jina lake upya, chini ya mengine. Sasa anajifunza kuandika kwa mkono wa kushoto.

Ndugu msomaji, nakuuliza wewe. Katika kijiji chenu yuko nani ambaye mmekwisha kumpigia mstari? Unamjua. Nyumba yake unaipita. Leo usipite. Ingia, kaa mbele yake, mwamkie, kisha ngoja.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Methali "Mgonjwa haulizwi uji" ina maana gani? Je, unakubaliana na mwandishi? Eleza.

2. Taja dalili 4 za sonona. Tutaitambuaje kwa mtu asiyeweza kusema?

3. Kijana wa fundi aliuza zana za baba yake kwa nia njema. Kosa lake lilikuwa nini? Wewe ungefanyaje?

4. Ni dawa zipi ambazo mgonjwa wa kiharusi asiziache bila kuzungumza na daktari? Kwa nini?

5. Je, katika kijiji chenu wako watu waliopata kiharusi? Nani anawalea? Pangeni zamu ya kuwatembelea. Andikeni siku, saa, na jina la atakayekwenda.